Kila Mtu Isipokuwa Shangazi

Mwaka jana niliweka statasi WhatsApp: picha yangu nimeshika kamera, na chini yake maneno "Mwaka mmoja tangu niache chuo. Sijutii." Nilikuwa nimeificha kwa watu 43, wote wa familia. Niliwahesabu. Dakika kumi hazijaisha nikapata meseji: "Umeacha chuo lini?"

Shangazi. Yule yule aliyechukua mkopo kwa chama chake ndio nilipiwe karo ya semesta ya kwanza.

Kwanza nilidhani WhatsApp imeniuza. Kumbe Shangazi alikuwa amebadilisha laini. Namba yake ya zamani ilikuwa imefichwa vizuri kabisa, lakini ile mpya nilikuwa nimeisevu juzi tu. Na listi ya "onyesha wote isipokuwa hawa" iko hivyo: kila namba mpya ukiisevu inaingia ndani hadi ukumbuke kuitoa. Mimi sikukumbuka.

Baada ya hayo (na baada ya kikao cha familia ambacho sitakielezea hapa) nilianza kuchimba. Hii kitu ya kugawanya marafiki wa mtandaoni kwa vikundi, huyu aone, yule asione, ilitoka wapi? Wasee wengi wa umri wetu wanadhani ilianza na ile duara ya kijani ya Instagram. Hapana. Ina miaka kuliko baadhi yetu.

Mwaka wa 1999 kijana mmoja Mmarekani anaitwa Brad Fitzpatrick alianzisha LiveJournal, mtandao wa kuandika shajara. Huko ungeweza kuandika kitu kikaonekana na marafiki pekee, au ukatengeneza vikundi vyako mwenyewe, hadi 30, na kila andiko ukalipeleka kwa kikundi unachotaka. Vikundi 30! Mimi hata sina marafiki wa kujaza vitatu. Lakini watu walivitumia kweli, kwa sababu walikuwa wakiandika mambo mazito: ndoa, ugonjwa, mambo ambayo bosi hafai kuyasoma.

Shida ni kuwa listi yako inakaa kwa nyumba ya mtu mwingine, na nyumba huuzwa. LiveJournal iliuzwa 2005, halafu 2007 ikanunuliwa na kampuni ya Urusi inayoitwa SUP. Mwisho wa 2016 seva zenyewe zikahamishiwa Urusi. Fikiria uliandika siri yako 2003 ukiwa Marekani kwa ajili ya watu sita, na sasa inalala kwa kompyuta iliyo chini ya sheria ya nchi ambayo hujawahi kukanyaga. Wale sita hawajakusaliti. Ni nyumba tu iliyobadilisha mwenyewe.

Facebook ilileta listi za marafiki mwisho wa 2007, na 2008 ikakuruhusu kuzitumia kuamua nani aone nini. Wachache sana walijisumbua. Mark Zuckerberg mwenyewe alisema hadharani 2010 kwamba hakuna mtu anayetaka kutengeneza listi. Na kusema ukweli, hapo simpingi. Kukaa chini na kuamua binamu gani ni wa karibu na gani ni wa harusi na matanga tu ni kazi ya kuumiza kichwa, na pia roho.

Kile ninachompinga ni hiki. Desemba 2009 Facebook ilibadilisha mipangilio ya faragha, na vitu ambavyo watu walikuwa wamevificha, kama orodha ya marafiki wao, vikawa wazi kwa kila mtu. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki, na 2011 wakakubaliana. Kwenye mashtaka hayo kulikuwa na jambo jingine ambalo lilinishtua zaidi: ulikuwa ukichagua "marafiki pekee", lakini programu zilizotumiwa na rafiki zako bado ziliweza kuchota habari zako. Yaani umefunga mlango wako, rafiki yako anacheza tu gemu kwake, na gemu inaingia kwako kupitia dirisha lake.

Dirisha hilo ndilo lililotumiwa na Cambridge Analytica. Facebook ilisema huenda habari za watu hadi milioni 87 zilichukuliwa, wengi wao Wamarekani. Na kama unaona ni mambo ya mbali, kumbuka 2018 Channel 4 ya Uingereza ilionyesha video zilizorekodiwa kisiri za wakubwa wa kampuni hiyo wakijigamba kuhusu kazi waliyofanya kwa kampeni za hapa kwetu, 2013 na 2017.

Walioingia kwa kishindo kabisa ni Google. Kabla ya hapo alikuwepo mfanyakazi wao, Paul Adams, ambaye 2010 alionyesha wazo rahisi: hakuna binadamu mwenye kikundi kimoja cha "marafiki". Kuna wa nyumbani, wa shule, wa kazi, na hutaki wakutane mezani. Juni 2011 Google+ ikaja na Circles, ambapo unavuta picha ya mtu na kuidondosha ndani ya duara. Ilikuwa nzuri kuangalia. (Adams mwenyewe alikuwa ameshahamia Facebook. Maisha.) Lakini watu waliingia, wakapanga maduara yao, wakaondoka. Google ilikiri 2018 kwamba asilimia 90 ya mara ambazo watu waliingia, walikaa chini ya sekunde tano. Na ilikiri hivyo siku ile ile ilipotangaza hitilafu iliyoacha programu za nje zione habari za wasifu ambazo watu hawakuziweka wazi, hadi akaunti 500,000. Aprili 2019 wakafunga. Mtandao uliojengwa juu ya maduara ukazikwa na maduara yanayovuja.

Twitter haikujifunza. Agosti 2022 ikaleta Circle kwa wote, watu 150 mwisho. Mwaka uliofuata posti za ndani zikaanza kutokea kwa watu wa nje, na kufikia mwisho wa Oktoba 2023 kitu chote kilikuwa kimetolewa.

Sasa angalia iliyobaki. Ile ya Instagram, tangu Novemba 2018, ni listi moja tu, hakuna 30. Uko ndani au uko nje. Hiyo tunaiweza, kwa sababu tunajua kichwani nani ni mbogi. WhatsApp, tangu statasi zije Februari 2017, inakupa pande mbili: wote isipokuwa hawa, au hawa pekee. Zinafanana kwa macho, lakini ukisahau ndipo utaona tofauti. Ukisahau kwa listi ya "hawa pekee", mtu anakosa kuona picha yako, basi. Ukisahau kwa ile ya "isipokuwa", mkopo wa chama unaitishwa na wanawake ishirini wanaokujua tangu ukiwa na nepi.

Nilihama upande siku hiyo hiyo. Listi yangu sasa ina watu 19 na nikisevu namba mpya haioni chochote hadi niamue. Skrinishoti bado siwezi kuzuia, wala siwezi kujua nani anashika simu ya nani.

Deni la Shangazi ninalipa kidogo kidogo, kila kampuni ikinilipa kwa video. Juzi alinipigia kuuliza mbona siku hizi siweki statasi. Nikamwambia bando iliisha.