Dago: Safari za Wavuvi wa Pemba

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wenu ameandika ubaoni neno letu la leo. Ni neno fupi, lina herufi nne tu: d-a-g-o. Lisomeni pamoja: dago. Vyema.

Dago ni kambi ya wavuvi. Mvuvi akiacha kijiji chake akaenda kuvua mbali, akalala huko majuma mengi au miezi, watu husema amekwenda dago. Leo nitawaeleza habari za safari hizo na vyakula tunavyovila kwa sababu yake. Tena nitawaeleza jinsi kambi ya miezi michache ilivyogeuka kuwa makao ya watu waliokaa miaka mingi bila ya kuhesabiwa kuwa raia.

Kwanza, habari za zamani. Uvuvi wa pwani yetu si jambo la jana. Katika karne ya 1 mtu mmoja aliandika kwa Kiyunani kitabu cha kuwaongoza mabaharia. Alitaja kisiwa cha Menuthias, ambacho wataalamu hudhani kuwa ni Pemba, au Unguja, au Mafia. Alisema kuwa watu wa kisiwa hicho walikuwa na mitumbwi, na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na kwamba walitega vikapu penye milango ya maji. Mvuvi wa leo akisikia habari hizo atakumbuka dema na uzio. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa. Aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu wa mji huo kilikuwa ndizi na samaki.

Sasa tuulize: kwa nini mvuvi aende mbali, na bahari iko mlangoni kwake? Sababu ya kwanza ni pepo. Kusi huvuma tangu mwezi wa Aprili hivi, na katikati ya mwaka bahari huchafuka. Kaskazi huanza kuvuma karibu na mwisho wa mwaka, ikaendelea mpaka Machi. Wakati huo bahari hutulia, na vyombo vidogo huweza kwenda mbali. Sababu ya pili ni samaki wenyewe. Jodari na nguru hawakai mahali pamoja. Huhama kwa majira, na anayewataka hana budi kuwafuata. Sababu ya tatu ni ufinyu wa nyumbani. Kisiwa cha Kojani, kilicho upande wa mashariki wa Pemba, ni kidogo na kina watu wengi. Kwa hiyo Wakojani wamejulikana tangu zamani kuwa mabingwa wa dago. Wamekwenda Tanga kwa upande wa magharibi, na Mafia na Kilwa kwa upande wa kusini. Na kwa upande wa kaskazini wamekwenda Vanga, Shimoni, Mombasa mpaka Lamu.

Safari ya dago ilikuwa na adabu yake. Nahodha akifika pwani ya watu hakutupa nyavu papo hapo. Alikwenda kwanza kwa mzee wa kijiji, akajieleza ametoka wapi na atakaa siku ngapi. Akikubaliwa, mabaharia walijenga vibanda vya makuti na kuchimbia vichanja vya kuanikia. Zamani hapakuwa na barafu. Papa na taa walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kukaushwa juani, ili wasiharibike mpaka siku ya kuuzwa. Pesa zikipatikana ziligawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Aliyekopa kwa tajiri kabla ya safari alilipa kwanza, na mara nyingine alirudi kwa mkewe na watoto mikono mitupu.

Na chakula je? Samaki mzuri aliuzwa. Mvuvi mwenyewe alikula wale wadogo, kwa ugali wa muhogo au wali. Lakini pale vyombo vinapofika, yaani dikoni, hawakosekani wanawake wenye makarai. Hununua samaki, wakawakaanga au kuwapika kwa nazi, wakawauzia wapagazi, mabaharia na wapita njia. Mikahawa mingi ya samaki katika pwani yetu asili yake ni hayo makarai ya dikoni. Hata bustani ya Forodhani, Unguja, ambako watu hukusanyika jioni kula pweza, ngisi na mishikaki, iko ukingoni mwa bahari, karibu na mahali palipokuwa na forodha, yaani mahali pa kutoza ushuru wa bidhaa.

Katika mikahawa ya namna hii mteja haletewi karatasi ya orodha ya vyakula. Huuliza tu, "Leo kumeingia nini?" Wakati wa kaskazi jibu huwa refu: nguru, jodari, changu, pweza. Wakati wa kusi jibu huwa fupi, na bei hupanda. Basi hata mtu asiyepata kupanda ngalawa maisha yake hujua kwa sahani yake ni majira gani.

Sasa nakuja kwenye jambo kubwa la somo letu. Tangu 1895 Waingereza waliutawala ukanda wa pwani ya Kenya, lakini kwa sheria ukanda huo ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar. Mvuvi wa Pemba aliyetia nanga Vanga alikuwa hajatoka katika milki ya Sultani yule yule. Desemba 1963 Zanzibar na Kenya zilipata uhuru, na ukanda ule ukawa sehemu ya Kenya. Mwaka 1964 Zanzibar iliungana na Tanganyika. Mpaka ukapita baharini, kati ya mvuvi na dago lake.

Wakati huo wako Wapemba waliokwisha kuoa na kujenga upande wa Kenya, na wengine wakawafuata baadaye. Watoto na wajukuu wao walizaliwa huko, lakini hawakuhesabiwa kuwa raia. Bila ya kitambulisho mtu hapati leseni ya uvuvi, wala hati ya shamba, wala akaunti ya benki. Fikirini: mtu kazi yake ni kuvua, baba yake alivua, na kila akiona chombo cha serikali moyo unamdunda! Walipeleka maombi yao kwa miaka mingi. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua kuwa raia, na wakaanza kupewa vitambulisho.

Tusiseme kwamba wenyeji hawakuwa na neno lao. Katika vijiji vingi wamelalamika kwamba wageni huja na nyavu kubwa, wakakomba miamba, kisha wakaondoka. Malalamiko hayo ni ya haki pia. Ndiyo sababu siku hizi mahali pengine, kama Kizimkazi na Songosongo, wanakijiji hufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na mgeni na mwenyeji wote hukatazwa.

Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Methali hii ina pande mbili. Mgeni akipewa jembe ni lazima alime pamoja na wenziwe, asivune tu. Na mwenyeji aliyekwisha kumpa jembe, akaliona likilima miaka sitini, hawezi tena kumwita mgeni.

Maneno ya kukumbuka

Dema: mtego wa samaki uliosukwa.
Uzio: ua wa fito unaojengwa majini ili kunasa samaki.
Diko: mahali vyombo vya wavuvi vinapofikia.
Kichanja: jukwaa la miti la kuanikia vitu.

Maswali ya darasa

1. Taja sababu tatu za mvuvi kwenda dago.
2. Kwa nini papa alitiwa chumvi?
3. Mwaka 1963 ulibadili nini katika maisha ya Wapemba wa Kenya?
4. Zungumzeni: kijijini kwenu, mgeni huwa mwenyeji lini?

Kwa herini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.