Picha za Kuazima, Sauti Yetu

Mwaka juzi niliwapa wanafunzi wangu hapa Gurei, pembeni mwa mji wa Juba, insha yenye kichwa "Safari". Kijana mmoja, aliyelelewa kambini kaskazini ya Uganda kabla ya kurejea na wazazi wake, hakuleta daftari. Alileta simu. Ndani yake mlikuwa na filamu ya dakika nne: mwanamume anatembea peke yake kandokando ya barabara pana iliyopandwa minazi, naye kijana anasimulia kwa Kiswahili jinsi alivyomtafuta kaka yake aliyepotea wakati wa vita. Nilizitambua picha zile. Zilitoka katika mchezo wa kompyuta wa Grand Theft Auto, ambao vijana huucheza vibandani. Nikampa sifuri, nikamwambia kwamba hawezi kusahihishiwa kazi ambayo si yake.

Hukumu ile ilinikosesha raha, hata nikaanza kuchunguza asili ya jambo lenyewe.

Mwaka 1996 kampuni ya id Software ya huko Texas, Marekani, ilitoa mchezo wa Quake. Mchezo huo uliweza kuhifadhi mienendo ya wachezaji katika faili ili itazamwe tena baadaye. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule, kikundi cha wachezaji walioitwa Rangers walitumia uwezo huo kutunga kisa kifupi, Diary of a Camper, kisichofika hata dakika mbili. Yafaa kuzingatia kwamba faili ile haikuwa picha hasa, bali maagizo: huyu apite hapa, yule afyatue risasi pale. Aliyetaka kuitazama alipaswa kuwa na Quake yenyewe. Wala wahusika hawakusema kwa sauti. Maneno yao yaliandikwa tu kwenye kioo. Kwa sisi tunaofundisha tamthilia, kitu kile kilikaribia zaidi mchezo wa kuigiza ulioandikwa kuliko senema. Jina la mashinima, lililoungwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mashine na senema, lilikuja baadaye kidogo.

Sauti ilipata nguvu mwaka 2003, Wamarekani wengine walipoanza mfululizo wa vichekesho uitwao Red vs. Blue kwa kutumia mchezo wa Halo. Askari wa Halo wamefunikwa kofia za chuma, hawana midomo ya kuonekana. Basi waigizaji waliwatikisa vichwa tu, nasi tukajua nani anasema. Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft, mwenye Halo, ilitoa kanuni za kuwaruhusu watu kutengeneza filamu za namna hiyo mradi wasizifanyie biashara. Ni dhahiri kwamba suala la "picha ni za nani" halikuanzia darasani mwangu.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha Ufaransa. Oktoba 2005 vijana wawili waliokuwa wakiwakimbia polisi katika kitongoji cha Clichy-sous-Bois, karibu na Paris, walikufa kwa kupigwa na umeme, na ghasia zikaenea nchini. Alex Chan, mkazi wa vitongoji hivyo ambaye hakuwa mtengenezaji wa filamu, alichukua mchezo mpya wa The Movies akatunga The French Democracy, filamu ya dakika kumi na tatu hivi iliyoeleza chanzo cha hasira ile. Mchezo haukuwa na mandhari ya Paris. Chan alitumia mandhari ya Kimarekani yaliyokuwamo, na watazamaji wakaelewa.

Huku kwetu pia pana historia. Mwaka 2011 Mkenya Andrew Kaggia alitoa katuni ya Wageuzi, ambamo wanasiasa wanageuka kuwa mashine na kushindania urais (tazameni jinsi jina hilo lilivyoundwa vizuri kutoka kitenzi geuza!), kisha mwaka 2015 akatoa mchezo wa Nairobi X. Naye Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini ya Uganda, aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu, hata akapata dola 300 za kumnunulia moja, na kijana akawa anatembea saa tatu kwenda kuitia umeme. Mchezo uliomfungua macho ulikuwa wa ukoo uleule wa Grand Theft Auto. Mwaka 2016 akatunga Salaam, ambao mchezaji humwongoza mkimbizi anayekimbia vita.

Hata hivyo, nadhani babu wa kazi ya mwanafunzi wangu hatoki katika kompyuta. Yumo katika vibanda vya video. Dar es Salaam alikuwako Lufufu, na Kampala VJ Jingo, ambao walizichukua filamu za kigeni wakazisimulia upya kwa Kiswahili na kwa Kiganda, wakiongeza utani na mambo ya mtaani. Picha zilikuwa za watu wengine. Kisa, baada ya saa moja, kilikuwa cha wasikilizaji. Kijana wangu aliniambia kwamba kambini alikuwa akisimama nje ya kibanda, kwa kukosa kiingilio, akisikiliza sauti ya msimulizi bila kuona picha.

Nilimwita tena, nikaitazama filamu yake mara ya pili, safari hii nikifanya kama alivyofanya yeye: nilifumba macho. Nikamwuliza kwa nini barabara ya minazi. Akajibu, "Mwalimu, mchezo hauna Nimule. Ndiyo maana mwanzoni ninasema: hapa ni Nimule."

Nilimpa alama 14 kati ya 20. Nilizikata nyingine kwa ajili ya upatanisho wa ngeli, maana mara tatu alisema "gari hii".