Chuma cha Karagwe kilikwenda wapi?

Mwaka 1876 Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina ya Mtawala Rumanyika wa Karagwe. Aliona ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, na silaha za chuma zilizofuliwa hata yeye, mwenye dharau nyingi, akazisifu.

Shaba huvumilia. Unyevu ukiishika hujivika ngozi ya kijani, na ngozi hiyo huikinga. Chuma hakina bahati hiyo: kutu huvimba, hupasuka, huanguka kama magamba, na chuma kipya hubaki wazi kuliwa tena. Jembe lililosahauliwa katika udongo wa Bugene, penye mvua misimu miwili kwa mwaka, linaweza kuliwa na kutu hadi lipoteze umbo.

Basi wanaosema mababu hawakuwa na viwanda kwa kuwa vyuma vyao havionekani, wanamhukumu mfuaji kwa kosa la kutu. Huko jirani Buhaya, Peter Schmidt alichimbua tanuri za miaka ipatayo 2000. Ushahidi mkubwa ulikuwa mavi ya chuma na mirija ya udongo ya mivukuto. Mkulima akigonga jiwe jeusi, zito, lenye matundu, asilitupe bondeni kabla ya kumwonyesha mwalimu wa historia.