Nywele, Dansi na Mkasi: Sumbawanga, 1975

Kila tunapokutana wazee wa shule hii mazungumzo huwa ni yale yale: mpira, maharage yenye wadudu, na shamba la shule. Leo naomba nafasi niandike habari za nywele. Vijana mlioko madarasani msicheke. Nywele zetu zilikuwa siasa, na habari hii hamtaikuta katika vitabu vya Historia.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alisikitika kwamba vijana waliosoma wanajua rumba, chachacha na twist, lakini wengi wao hawajapata kucheza gombe sugu, kiduo wala lelemama. Akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Maneno yale yalikuwa ya haki. Lakini maneno ya mkubwa yakishafika kwa wadogo huota pembe. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana vingekuwa marufuku. Hata kabla ya tarehe hiyo wasichana walikwisha kushambuliwa huko Kariakoo kwa ajili ya mavazi yao. Magazeti yakajaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Novemba 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam.

Sasa angalieni mkanganyiko ulivyoingia. Wigi na dawa ya kujichubua vilikatazwa kwa sababu ni kumwiga mzungu. Sawa. Lakini afro je? Weusi wa Marekani waliifuga miaka ile ya 1960 kwa sababu hiyo hiyo, yaani walikataa kunyoosha nywele ili wafanane na wazungu. Afro ni nywele za Mwafrika zilizoachwa jinsi Mungu alivyoziotesha. Kwa bahati mbaya sisi tuliiona kwanza kwenye majalada ya santuri kutoka ng'ambo, pamoja na bugaluu na raizoni, basi ikahesabiwa kuwa uhuni wa kigeni. Wakati huo huo Radio Tanzania ilikuwa ikitupigia nyimbo za Afro 70, bendi ya marehemu Patrick Balisidya! Jirani zetu wa Malawi walikwenda mbali zaidi, kwani huko sheria yenyewe iliwakataza wanaume nywele ndefu.

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na Sumbawanga ikawa makao makuu. Mji ulikuwa mdogo, upepo wa Milima ya Mbizi ukivuma mitaani, na mambo ya Dar es Salaam yalitufikia yakiwa yamechelewa, lakini yalifika. Mwaka uliofuata, shule moja ya wavulana niliyosoma wakati huo iliandaa dansi la mahafali ya Kidato cha Nne, na wasichana wa shule nyingine wakaalikwa. Nywele tulianza kuzifuga tangu likizo. Sabuni ilikuwa ya mche, mafuta ni yale ya kupikia. Usiku tulisukana mabutu bwenini (ndiyo, wanaume kwa wanaume, na wengine walisuka vizuri kuliko dada zao), asubuhi tukayafumua na kuzichambua kwa chanuo. Chanuo lenyewe lilikuwa la spoku za baiskeli zilizopigiliwa kwenye kipande cha mti. Halafu unazipigapiga kwa viganja mpaka ziwe duara, na mwenzako anazunguka nyuma kutazama kama pamebonyea. Kioo kilikuwa kimoja kwa bweni zima.

Jumamosi ya dansi, saa nne asubuhi, tukapangwa mstari. Mwalimu wa zamu alikuja na mkasi. Hakunyoa mtu, alikata njia moja tu, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, ili mwenyewe ukamalizie kwa wembe. Wengi tulimalizia. Kijana mmoja kutoka bondeni, Ziwa Rukwa, ndiye aliyekataa. Alifunga sanduku lake akaondoka kwa miguu. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakia wiki chache.

Nilikuwa kiranja, kwa hiyo niliitwa ofisini siku baba yake alipomrudisha. Mwalimu alimwamkia shikamoo, akamweleza kwa heshima kwamba mtoto ameleta mambo ya kigeni shuleni. Mzee yule, ambaye hakusoma hata darasa moja, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole: hizo nywele, mwalimu, mwanangu alizinunua duka gani? Mwalimu alinyamaza kidogo. Akamwandikia kijana cheti cha kurudi darasani, na mtihani akaufanya pamoja nasi.

Ama dansi lenyewe, lilifanyika usiku ule ule wa mkasi. Wasichana walishuka kwenye lori na vichwa vyao vimenyolewa vifupi kama ilivyokuwa desturi ya shule zao, vikimetameta mafuta, wakatukuta sisi na vipara vibichi. Walicheka sana. Santuri zilipigwa mpaka saa nne na nusu, jenereta ikazimwa.