Timu ya Mwenyewe, Timu ya Kadi

Soka la Kongo likijadiliwa Lubumbashi, utasikia nusu tu ya maneno, kwa maana huko kila nyumba ni Mazembe au Lupopo. Kinshasa nako ni Vita au Motema Pembe, basi. Base ya Kamina ni habari nyingine. Kambi hii ya jeshi la anga, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili katika nyanda za Haut-Lomami, inakusanya askari wa kila mkoa pamoja na wake na watoto wao. Kijana aliyekulia Kinshasa anapangiwa kazi hapa, anafika na Vita yake kifuani, anakuta Waluba wa hapa wanaohesabu miaka kwa makombe ya Mazembe. Mjini Kamina, kwenye makutano ya reli ya Lubumbashi, ya Kananga na ile inayopanda kuelekea Kindu, wapo wazee wa shirika la reli. Hao wana sababu yao ya kuishikilia Saint-Éloi Lupopo: klabu ya 1939, ya watu wa reli, inayoitwa Cheminots hadi leo. Mechi ikiisha, Kilingala, Kiluba na Kiswahili cha Katanga vinapandiana, na jenereta ikizimwa mabishano yanaendelea gizani.

Sikiliza wanachobishania timu inapoyumba na uongozi mpya ukaanza kubomoa kikosi na kukisuka upya. Kipa auzwe au abaki? Vijana wapewe namba au waletwe wageni wa Afrika Magharibi? Winga wa kulia ana kasi lakini hana akili. Maneno ni mengi, na mengine ni ya kitaalamu kuliko ya watangazaji. Lakini jambo moja halitajwi ila kwa sauti ya chini: mwenye timu. Beki wa kushoto hubeba lawama ambazo hakuna anayetaka kuzipeleka ghorofani.

Sababu si ngumu kuiona. Vita Club, mabingwa wa Afrika wa 1973, walikaa miaka mingi chini ya urais wa Jenerali Gabriel Amisi, mmoja wa makamanda wakubwa wa jeshi la nchi. Hebu jiweke mahali pa sajini shabiki wa Vita, anayeishi ndani ya kambi ya jeshi hilohilo, timu ikiwa imepoteza mechi tatu mfululizo. Utamjadili nani? Utamjadili beki wa kushoto. Na haki itendeke: chini ya jenerali huyo, na Florent Ibenge akiwa kocha, Vita walifika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2014 na fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018. Mwenye timu wa namna hii hubeba gharama zote mfukoni mwake, kwa hiyo hadai ushauri. Anayelipa ngoma ndiye achaguaye wimbo, na wachezaji ngoma wanajua.

Mwaka 2020 Bestine Kazadi akachukua nafasi ya Amisi, mwanamke wa kwanza kuiongoza klabu ile. Ibenge akaondoka 2021 kwenda Berkane ya Morocco, na mwaka uliofuata akawapa Kombe la Shirikisho. Ndipo mashabiki wakaona kikosi kinavyomomonyoka. Tonombe Mukoko na Tuisila Kisinda walikuwa wamekwishakwenda Dar es Salaam mwaka 2020. Mwaka uliofuata wakafuata Djuma Shabani na Fiston Mayele. Wote wanne kwa klabu moja: Yanga.

Kwa mtu wa Katanga mwelekeo huu ulikuwa mgeni. Miaka kumi tu nyuma njia ilielekea upande wa pili. Mwaka 2011 Mazembe walimchukua Mbwana Samatta kutoka Simba ya Dar es Salaam, na Thomas Ulimwengu akamfuata. Mwaka 2015 wakabeba nao Ligi ya Mabingwa, Samatta akiwa mmoja wa vinara wa mabao. Lubumbashi ndipo palipokuwa na hela, uwanja mpya wa Kamalondo, na jina la klabu iliyocheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan mwezi Desemba 2010. Mchezaji wa Dar alikwenda Kongo kukua. Leo wa Kongo anakwenda Dar kulipwa.

Mazembe ni mfano kamili wa timu ya mwenyewe. Moïse Katumbi ameishika tangu 1997, akawa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, kisha akahamia upinzani. Mashabiki humwita Chairman tu, kana kwamba duniani kuna mwenyekiti mmoja. Kwa upande wa pili wa jiji, Lupopo iliongozwa na Jacques Kyabula akiwa gavana wa Haut-Katanga. Kwa hiyo shabiki akisema kikosi cha mmoja wao kimeoza, ametia mguu katika siasa hata kama hakukusudia. Kutoka 2016 hadi 2019 Katumbi aliishi uhamishoni, na jambo la kustaajabisha ni kwamba Mazembe walichukua Kombe la Shirikisho mara mbili mfululizo, 2016 na 2017, mwenyewe akiwa mbali. Wapo waliosema mfumo umekomaa, hauhitaji mtu. Mimi nadhani zilikuwa akiba tu. Mtambo ulioachwa ukizunguka huendelea kuzunguka kwa muda.

Mafuta yalipopungua, ilionekana. Oktoba 2022 Vipers ya Uganda iliwatoa Mazembe kwa penalti katika Ligi ya Mabingwa. Wakashuka Kombe la Shirikisho, wakapangwa na Yanga, wakafungwa 3-1 Dar es Salaam mwezi Februari 2023. Aprili wakafungwa tena, 1-0, nyumbani kwao Lubumbashi. Kipigo cha nyumbani ndicho kilichouma. Chairman akamrudisha Lamine N'Diaye, Msenegali yuleyule aliyewafikisha kwa Inter mwaka 2010, na kikosi kikajengwa upya, vijana wakipewa nafasi na wageni wa Afrika Magharibi wakiongezwa. Msimu uliofuata walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na Al Ahly, na ubingwa wa Kongo wakautwaa. Hakuna kura iliyopigwa, hakuna mkutano ulioitishwa. Mashabiki walisikia uamuzi sawasawa na walivyousikia watu wa Kamina: redioni.

Sasa vuka Ziwa Tanganyika. Yanga, iliyozaliwa 1935, na Simba, 1936, ni klabu za wanachama: kadi, matawi, mkutano mkuu, uchaguzi. Ukiingia kijiwe cha Kariakoo timu ikiwa mbovu, beki wa kushoto atachambuliwa, ndiyo, lakini ndani ya dakika tano mwenyekiti ametajwa kwa jina lake na la baba yake, na mtu mwenye kadi anauliza hela za usajili zimekwenda wapi. Uhuru huo una gharama. Mwaka 1976 ugomvi wa Yanga ulizaa klabu nyingine nzima, Pan African. Baadaye yakaja makundi ya Yanga Asili na Yanga Kampuni, yakibishana kama klabu iwe mali ya wanachama au ya hisa. Katika timu ya mwenyewe mtu huyo mmoja akichoka timu hulala njaa. Katika timu ya kadi watu mia wasipoelewana timu hupasuka.

Hata hivyo kadi nayo huficha mengi. Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti wa Yanga mwaka 2017, klabu ya wanachama ilibaki haina mshahara wa kuwalipa wachezaji. Kocha wa msimu wa 2018/19, Mwinyi Zahera, Mkongo, alisimama mstari wa mbele katika michango ya mashabiki, na watani wa Simba hawakumaliza kucheka bakuli lililokuwa likitembezwa. Mimi sikuona cha kucheka. Kocha aliyetoka nchi ambako shabiki haulizwi wala haombwi kitu ndiye aliyewaambia wenye kadi kwamba kadi bila shilingi ni karatasi. Msimu ule Yanga walimaliza nafasi ya pili.

Kisha ikaja GSM. Ukweli lazima usemwe: aliyeijenga upya Yanga si mkutano mkuu, ni fedha ya kampuni. Na haikuwa kazi safi. Mwaka 2020 kocha Zlatko Krmpotić alifukuzwa baada ya mechi chache tu, Cedric Kaze akafuata njia hiyo Machi 2021, ndipo Nasreddine Nabi akaja. Djuma na Mayele wa Vita wakaingia katika kikosi chake, pamoja na Yannick Bangala, Khalid Aucho na kipa Djigui Diarra. Ubingwa wa 2021/22 ulipatikana bila kupoteza mechi hata moja. Julai 2022 Hersi Said, mtu wa GSM, akachaguliwa kuwa rais wa klabu kwa kura za wanachama. Hapo ndipo tofauti ilipo, na ni ndogo kuliko tunavyojivunia: Dar es Salaam tajiri huomba kura kwanza. Lubumbashi haombi.

Simba wana sura nyingine ya jambo hilohilo. Katika mfumo wao mpya wanachama hubaki na asilimia 51 na mwekezaji Mohammed Dewji asilimia 49, hesabu ambayo ni ndugu wa kanuni ya Ujerumani ya nusu na kura moja. Kwenye karatasi inapendeza. Novemba 2023 Yanga wakawafunga mabao 5-1, kocha Robertinho akaondoka. Msimu ukaisha Simba wakiwa wa tatu, nyuma ya Azam, bila tiketi ya Ligi ya Mabingwa. Ghadhabu ilipopanda mwezi Juni 2024, wajumbe wa upande wa mwekezaji walijiuzulu, Dewji akarejea uenyekiti wa bodi. Mashabiki wengi walimtaka pia Murtaza Mangungu, mwenyekiti waliyemchagua wenyewe, aondoke. Hakuondoka, na katiba ilikuwa upande wake. Kwa hiyo mtu wa asilimia 49 aliweza kubadilisha watu wake kwa siku chache, na wa asilimia 51 wakabaki wakisubiri uchaguzi. Mwenye sheria na mwenye nguvu walikuwa watu wawili tofauti.

Kikosi chenyewe kikapasuliwa hasa. John Bocco na Saido Ntibazonkiza wakaondoka, na Clatous Chama akavaa jezi ya Yanga, jambo ambalo kwa mtu wa Simba ni zaidi ya usajili. Wakaletwa Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala, Moussa Camara, Leonel Ateba, na baadaye Elie Mpanzu, tena mtoto wa Vita. Chini ya Fadlu Davids, timu hiyo iliyosukwa upya ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025, ikashindwa na Berkane, marudiano yakichezwa Amaan, Zanzibar. Septemba mwaka huohuo Fadlu akahamia Raja Casablanca, na mjadala ukaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nairobi ni njia ya tatu, na ndiyo yenye jasho zaidi la shabiki. Gor Mahia na AFC Leopards ni timu za jamii kabla ya kuwa timu za mtu yeyote, na SportPesa ilipoondoka 2019 mashabiki ndio waliochangishana kwa simu. Lakini FIFA ilizifungia zote mbili kusajili kwa nyakati tofauti kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha. Ukifungiwa usajili huna la kubishania kuhusu sura mpya. Unabishania deni la aliyekwishaondoka. Leopards waliishia kutegemea chipukizi kwa kukosa njia, si kwa sera.

Nikirudi Kamina, kuna swali ambalo mtu wa Dar hupenda kumuuliza wa Kongo: mnakubalije kuishi bila kadi? Jibu la mzee wa reli, nadhani, lingekuwa kali. Kwani ninyi mlio na kadi mlimchagua nani kuileta GSM? Sisi tunajua hela ni ya nani, hatudanganyani. Hoja hiyo ina nguvu, na nimeigeuza upande huu na ule. Bado naona imekosa kitu. Hersi na Dewji wanalazimika kusimama mbele ya watu na kueleza, hata wakieleza kwa ujanja. Msemaji wa klabu analipwa kwa sababu kuna watu wanaodai maelezo. Mazembe ikimuuza mchezaji bora wake, yule wa Base ya Kamina hana mlango wa kubisha, ila ana uhuru mmoja usiomgharimu kitu: kumtukana beki wa kushoto. Tena tukumbuke kwamba mwenye kadi wa Dar yuko umbali wa daladala kutoka makao makuu ya klabu, wakati kutoka Kamina hadi Lubumbashi ni mamia ya kilomita za reli ambayo treni yake hupita itakapopita. Umbali nao hufundisha unyenyekevu.

Pamoja na tofauti zote hizi, mashabiki wa Mazembe, Vita, Yanga na Simba wanaota kitu kimoja, Ligi ya Mabingwa, na Juni 2025 ilichukuliwa na Pyramids ya Cairo. Klabu hiyo ilipewa jina hilo mwaka 2018 na mwekezaji wa kutoka Ghuba aliyeinunua timu ya Assiouti na kuihamishia mji mkuu. Haina matawi, haina wazee wa reli, na mashabiki wake ni wachache mno ukilinganisha na Al Ahly au Zamalek. Katika mechi ya pili ya fainali dhidi ya Mamelodi Sundowns, bao la kwanza alilifunga Fiston Mayele, yuleyule aliyetoka Vita na kuondoka Yanga mwaka 2023.