Lenzi zilizokimbia vita



Tangu tupate ile lenzi kuukuu kutoka ng'ambo, Bukavu, kuna wenzetu wanauliza: chuma hiki cha zamani cha nini? Si bora tuchange tununue lenzi ndefu ya kuvuta, kama zile wanazobeba wageni wakija kambini? Nilisema nitajibu kwa maandishi, sababu jibu langu ni refu na linaanzia mbali.

Kwanza tujue tumeshika nini. Pembeni imeandikwa kwa herufi za Kirusi, Jupiter-8, milimita 50, f/2. Namba yake inaanza na 74, na kwenye lenzi za Sovieti tarakimu mbili za mwanzo kwa kawaida ndizo mwaka. Basi ni ya 1974, imewazidi umri baba wa wengi wetu. Kuna na kialama cha prizimu na mwanga unaopita ndani yake. Hicho ni cha kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow. Ilitengenezwa kwa kamera za renjifainda, yaani kamera ambazo huangalii kupitia lenzi yenyewe. Unaangalia kwenye kidirisha cha juu, unaona sura mbili za mtu mmoja zimepishana, unazungusha lenzi mpaka sura mbili ziwe moja. Hapo ndo umepata umbali, unapiga.

Kamera iliyoanzisha ukoo huu ni Leica, ya kampuni ya Leitz, mji wa Wetzlar, Ujerumani. Fundi wake, Oskar Barnack, alikuwa mtu wa pumu. Kamera za siku zile zilikuwa masanduku mazito, na yeye kifua hakikumruhusu kupanda nazo milima. Akatengeneza ndogo inayotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Ilionyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925. Mwaka 1930 ikaja ambayo lenzi yake inafunguliwa kama kifuniko cha chupa, na mwaka 1932 kipimo cha umbali kikaingizwa ndani ya kamera. Skrubu ya hiyo lenzi ina kipenyo cha milimita 39. Muikumbuke hiyo 39, nitairudia.

Januari 1933 Hitler akashika madaraka. Wayahudi wakaanza kufukuzwa kazini, maduka yao yakasusiwa, wakatengwa na majirani waliokula nao. Sisi hatuhitaji kuelezwa sana mambo hayo yanavyoanza. Ernst Leitz wa pili, mwenye kiwanda, akaanza kuwaajiri vijana wa Kiyahudi na kuwafundisha kazi, kisha kuwatuma nje kama wafanyakazi wa kampuni, hasa New York. Wakifika, ofisi ya huko iliwapokea na kuwatafutia kazi kwenye biashara ya kamera. Husimuliwa kwamba walishuka melini na Leica shingoni, sababu kamera ile ilikuwa mali unayoweza kuuza ukale. Mambo hayo yaliendelea mpaka 1939, vita vilipoanza na mipaka kufungwa. Leitz hakuyatangaza maisha yake yote. Binti yake, Elsie Kühn-Leitz, alifungwa na polisi wa siri wa Gestapo mwaka 1943 kwa kumsaidia mwanamke wa Kiyahudi kutorokea Uswisi.

Ila nisiwadanganye kwamba Wetzlar palikuwa mahali pa malaika. Kiwanda hichohicho kilitengenezea jeshi la Hitler vifaa, na wakati wa vita kilitumia wafanyakazi wa kulazimishwa, wengi wanawake walioletwa kutoka Ukraine. Elsie alijaribu kuwapunguzia mateso, na hilo nalo likawa kosa mbele ya Gestapo. Mimi naona hivi: mtu anaweza kuokoa watu mlangoni na nyuma ya nyumba akafaidika na jasho la wengine. Ninyi wa mashirika mnalijua hilo kuliko mimi.

Sasa tuhamie Kharkiv, Ukraine hiyohiyo. Baada ya vita na njaa, Umoja wa Sovieti ulijaa watoto wa barabarani, maibobo kama tunavyosema hapa. Mwaka 1927 ikafunguliwa Kharkiv komyuni ya watoto hao, ikiongozwa na mwalimu Anton Makarenko. Walisoma nusu ya siku, nusu nyingine wanafanya kazi karakanani. Walianza na mbao, wakaendelea na mashine za umeme za kutoboa, wakishafika hapo wakaifungua Leica skrubu kwa skrubu na kuiiga. Mwaka 1934 kamera yao ikaanza kutoka kwa wingi. Iliitwa FED, herufi za kwanza za jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Sovieti. Yaani watoto wasio na kwao walipewa jina la mtu aliyejaza magereza. Hata hivyo kazi ilikuwa yao. Vijana waliolala kwenye vituo vya treni walikuwa wanasugua vioo na kukata nyuzi za skrubu kwa kipimo ambacho jicho halikioni.

Hizo FED za mwanzo zilikuwa na shida moja ambayo wakusanyaji wa kamera wanaijua vizuri. Kila lenzi ilirekebishwa kwa kamera yake peke yake. Ukiihamishia kwa kamera nyingine, hata ikiingia vizuri, picha inatoka na ukungu. Kuingia kwa skrubu siyo kila kitu. Cha muhimu ni umbali kutoka kitako cha lenzi mpaka kwenye filamu, na Leica waliuweka milimita 28.8. Kosea hata kidogo sana, macho ya mtu yanapotea na masikio ndo yanaonekana wazi.

Jupiter yetu ina baba mwingine. Umbo la vioo vyake, sita kwenye mafungu matatu, ni la lenzi ya Kijerumani inayoitwa Sonnar, aliyoibuni Ludwig Bertele kwa ajili ya kamera ya Contax, mshindani wa Leica. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wasovieti walibeba mashine, michoro na hata vioo vya Zeiss kama fidia ya vita. Mashine za Contax zikaishia Kiev, Sonnar ikazaliwa upya Krasnogorsk, ikapewa skrubu ya milimita 39 iingie kwenye FED na kamera mpya ya Zorki. Ndo maana lenzi ya Kirusi ina tumbo la Kijerumani.

Na nani alikuwa akitumia hizo Leica na Contax? Wakimbizi, tena vijana. Endre Friedmann alitoka Budapest, akakimbia Berlin Hitler alipoingia, akafika Paris bila pesa. Gerta Pohorylle naye alikimbia Ujerumani mwaka 1933. Wakajibadilisha majina: Robert Capa na Gerda Taro. Rafiki yao Chim, yaani David Seymour, alikuwa Myahudi wa Warsaw. Watatu hao walipiga picha za vita vya Uhispania kuanzia 1936. Taro alifia huko Julai 1937, hajatimiza miaka 27. Capa alishuka Normandy tarehe 6 Juni 1944 akiwa na Contax. Chim, mwaka 1948, alitumwa na UNICEF kupiga picha za watoto walioachwa na vita katika nchi tano za Ulaya. Kuna moja ya binti wa Warsaw aliyeambiwa achore nyumbani ubaoni, akachora mistari iliyovurugana tu. Aliyempiga alikuwa amepoteza wazazi wake katika vita hivyohivyo. Hiyo picha haikuvutwa kutoka mbali.

Hapo ndo narudi kwenye ubishi wetu. Lenzi ndefu inakuruhusu kumchukua mama akiwa foleni ya maji bila yeye kujua. Lenzi ya milimita 50 haikuruhusu. Lazima usogee, usalimie, uombe. Nyingi za ukoo huu hata hazioni vizuri chini ya mita moja, kwa hiyo unasimama kwa umbali wa watu wanaoongea. Kazi tuliyopanga ni kuwapiga wazee picha kabla hawajapandishwa basi kwenda Mahama, na wengi wao walivuka bila foto hata moja ya ndugu zao. Kwa kazi hiyo mimi nachagua mita moja.

Sasa itaingiaje kwenye kamera yetu ya kisasa? Hesabu ni rahisi. Lenzi inataka milimita 28.8. Kamera yetu ni ya Sony, isiyo na kioo cha kupindua ndani, na kutoka mdomo wake mpaka ndani ni milimita 18. Zinabaki 10.8. Adapta ni pete ya chuma yenye unene huo, basi, haina kioo wala umeme. Zile kamera kubwa za Canon zenye kioo ndani zina milimita 44, na hapo hakuna pete itakayosaidia: lenzi inakaa mbali mno na utaona vizuri vitu vilivyo karibu ya pua tu. Msidanganywe na muuzaji.

Nimeilinganisha na Industar-61 ya rafiki, f/2.8, ya ukoo huohuo. Industar ni kali zaidi, inaonyesha kila uzi wa kitenge, na kwa kupiga picha za karatasi na vitambulisho ningechukua hiyo. Jupiter ikifunguliwa mpaka f/2 inalainisha, ngozi ya mzee inang'aa vizuri jioni ndani ya hema. Ila msiielekeze juani, picha yote inageuka maziwa. Ukibana mpaka f/5.6 zote mbili zinakaribiana.

Adui yao hapa kwetu ni unyevu wa Kivu. Kabla ya kununua lenzi sokoni, fungua tundu lake lote, iangalie dhidi ya tochi ya simu. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu unaokula kioo, iache. Kama ni vumbi dogo, chukua, halitaonekana kwenye picha. Zungusha pete ya umbali: ikiwa ngumu ni grisi ya zamani imekauka, fundi mwenye mkono mwepesi anaisafisha. Na yetu inakaa kwenye kopo lililofungwa, pamoja na vile vipakiti vinavyonyonya maji vinavyokuja ndani ya kartoni za viatu. Mwenye navyo nyumbani asivitupe, alete Jumamosi.