Buibui wa Visiwani, Mifupa ya Mtwapa na Swali la "Mlitoka Wapi?"

Katika Kiswahili chetu cha pwani, neno buibui lina maana mbili: mdudu wa miguu minane, na vazi jeusi walilojitanda mama na bibi zetu. Leo nazungumzia mdudu, lakini nitaishia kwa watu. Elimu inayotumika kumuuliza buibui wa visiwani asili yake ndiyo iliyotumika kuwauliza wazee wetu waliolala makaburini Mtwapa, Manda na Kilwa.

Mimi ni mtu wa pwani niishiye Kangemi, magharibi mwa Nairobi. Huku ukisema wewe ni Mswahili, swali la pili halikosi: "Kwani nyinyi si Waarabu?" Sokoni huulizwa kwa utani, nami hujibu kwa utani. Lakini katika ofisi moja nilikokwenda kwa shughuli ya kitambulisho, niliulizwa kwa uso mkavu, nikatakiwa nieleze babu wa babu yangu alitoka wapi. Kwa hivyo swali la asili si porojo za barazani tu. Laweza kumchelewesha mtu haki yake. Yafaa tujue DNA inasema nini, na nini haisemi.

DNA inavyosomwa

Kila kiumbe hubeba mwilini mwake maandishi ya urithi, yaani vinasaba au DNA. Maandishi hayo hunakiliwa kutoka mzazi hadi mtoto, na katika kunakili huingia mabadiliko madogo madogo. Chukua mfano wa shairi la kale lililonakiliwa kwa mkono. Ukikuta nakala ya Lamu na nakala ya Pate zina kosa lile lile katika ubeti ule ule, utajua zote mbili zimetokana na nakala moja. Wataalamu husoma DNA hivyo hivyo: viumbe wanaoshiriki mabadiliko mengi wana mzazi wa karibu, na wanaotofautiana sana waliachana zamani.

Buibui aliyevuka bahari

Katika bahari yetu ya Hindi yuko buibui mkubwa anayefuma utando wenye rangi ya dhahabu. Wataalamu walimwita Nephila inaurata, na siku hizi jina lake la kwanza ni Trichonephila. Yuko Afrika bara, Bukini, Mayotte, Reunion, Morisi na Rodrigues. Morisi na Reunion ni visiwa vilivyozuka baharini kwa volkeno, havijapata kuungana na bara. Basi alifikaje?

Mwaka 2011 watafiti Matjaž Kuntner na Ingi Agnarsson walichapisha majibu yao baada ya kulinganisha DNA za buibui hao. Walionyesha kwamba wa Bukini asili yao ni Afrika, na kwamba visiwa vya Morisi, Reunion na Rodrigues vilipata buibui wao kutoka Bukini. Kati ya Bukini na bara pana zaidi ya kilomita 400 za maji. Njia inayoelekea kuwa sahihi ni hewani: buibui mchanga hupanda juu ya jani, huinua tumbo, huachia nyuzi, na upepo humbeba. Kisiwa cha Krakatau kule Indonesia kilipolipuka mwaka 1883, viumbe wake waliangamia. Miezi michache baadaye mgeni aliyekitembelea alikuta kiumbe mmoja tu: buibui mdogo akifuma utando wake.

Watafiti hao walimtazama pia jamaa yake, aliyeitwa wakati huo Nephilengys, ambaye hasafiri sana. Huyu alipofika kisiwani alikaa, na kwa kukaa akabadilika. Bukini ina aina yake, Reunion ina yake, na Morisi ina yake iitwayo dodo, kwa kumbukumbu ya ndege aliyetoweka kisiwani humo. Wote mizizi yao ni ya mbali, lakini huwezi kumwambia buibui dodo wa Morisi arudi kwao. Kwao ni hapo, wala hapatikani pengine duniani.

DNA ya kale

Buibui hao walisomwa DNA wakiwa wa zama zetu. Kusoma kiumbe aliyekufa zamani ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu kiumbe akifa DNA yake hukatika vipande vipande, na maadui wake wakubwa ni joto na unyevu, vitu ambavyo pwani hatuna uhaba navyo. Ndiyo maana vielelezo vilivyotunzwa makumbushoni vina thamani. Ndege dodo mwenyewe aliisha katika karne ya 17, lakini kipande cha mwili wake kilichohifadhiwa Oxford kilitoa DNA, na mwaka 2002 ikathibitishwa kwamba alikuwa wa ukoo wa njiwa, na jamaa yake wa karibu aliye hai ni njiwa wa Nicobar wa visiwa vya Asia.

Kutoka hapa Kangemi, ukishika barabara ya Waiyaki kuelekea mjini, utafika Makumbusho ya Taifa. Watoto wetu huyajua kwa mafuvu na nyoka. Lakini nyuma ya maonyesho huhifadhiwa wadudu na buibui wa miaka mingi, kila kimoja na karatasi ya mahali na tarehe. Msitu ukishakatwa, chupa ile yaweza kuwa shahidi pekee wa nani aliishi pale.

Sasa watu

Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya kale ya watu 80, ambao miongoni mwa viongozi wake ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, na David Reich wa Harvard. Wengi wa watu hao walizikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800: Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Kwa binadamu, mfupa mgumu wa fuvu unaozunguka sikio la ndani ndio mara nyingi huhifadhi DNA vizuri zaidi.

Matokeo yake ni haya. Wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya urithi wao ulikuwa wa Kiafrika, na ulitoka zaidi kwa wanawake. Sehemu kubwa ya uliobaki ulitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na kiasi cha Kihindi. Mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Urithi wa Kiarabu uliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500.

Kwa hivyo wazee waliotusimulia habari za Shirazi hawakusema uongo. Na waliosema Mswahili ni Mwafrika hawakusema uongo pia. Aliyekosea ni yule aliyetaka tuchague upande mmoja. Lugha yenyewe yashuhudia: mgeni alileta maneno, lakini sarufi tumenyonya kwa mama.

Hata hivyo tusiitwike DNA mzigo usio wake. Wengi wa waliopimwa walikuwa watu wa tabaka la juu, waliozikwa karibu na misikiti. Mvuvi na mkulima wa nje ya mji hawakuwakilishwa sawa. Tena mifupa si chupa ya buibui. Dini yetu inatukataza kuudhalilisha mwili wa maiti, na jamii ina haki ya kuulizwa kabla ya kaburi kuguswa, na kuambiwa kilichopatikana, kwa lugha yake.

Na juu ya yote, DNA husema njia iliyopitwa; haisemi nani mwenye nyumba. Karani anayemuuliza kijana wa Faza babu yake alishuka na jahazi gani, ajue kwamba bibi wa kijana huyo hakushuka na jahazi lolote. Alikuwa hapa, akimpokea mgeni.

Wallahu a'alam.